Mikono Nyuma

Wanafunzi wanamwita Mikono Nyuma. Mara ya kwanza kulisikia jina hilo nilidhani wanamsema mtu aliyetiwa pingu. Kumbe ni mpwa wangu, binti wa dada yangu wa pekee, mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari iliyo nyuma ya kituo cha mafuta. Wamempa jina hilo kwa sababu wao wakihangaika na roboti yao mezani, yeye husimama kando, mikono ameishikanisha mgongoni, anaangalia tu. Niliposikia sababu hiyo nilicheka peke yangu. Nikasema, huyo ni mvivu aliyepata namna ya kuheshimika.

Nilikuwa na haki ya kusema hivyo, maana nilimlea mimi kikazi. Mama yake aliniletea akiwa na miaka kumi na saba, shule amemaliza na pa kwenda hana.

"Kaka," dada aliniambia, "mtoto huyu anafungua kila kitu nyumbani. Juzi kaifungua saa ya ukutani. Bora awe anafungulia kwako."

"Na kufunga anajua?"

"Angejua kufunga ningekuletea?"

Duka langu la kutengeneza redio ni chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara. Chini ya dirisha kuna meza ya kazi iliyoungua madoa mia, na ukutani rafu tatu za redio, kila moja imefungiwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe na ugonjwa wake: haishiki, inakoroma, iliangushwa na shemeji. Mimi darasa nililiacha mapema. Kusoma nilijifunza kwa vijitabu vilivyokuja ndani ya maboksi ya redio, na kwa kamusi niliyoiokota imekatika kurasa za mwanzo, ndiyo maana maneno mengi ya herufi A niliyajua nikiwa mtu mzima. Kazi nilifundishwa na fundi mmoja mkali, marehemu sasa, ambaye mwaka wa kwanza alinifagilisha, wa pili akanifungulisha na kunifungisha visanduku, wa tatu ndipo aliponikabidhi chuma cha kulehemu. Siku hizi mtoto anataka chuma siku ya kwanza, na ya pili anataka cheti.

Fundi yule alinirithisha namna yake ya kuunga waya. Kabla ya kuweka risasi ya kulehemu, unauzungusha waya mara moja kulia, unaubana ukalala, kisha unaupasha moto mpaka risasi ikimbie yenyewe. Kiungo kinatoka kidogo kama punje ya mtama, na ukikivuta unaweza kuinua redio nzima. Kiungo ni kama mwandiko. Ukinifunulia redio mia, nitakuonyesha ambazo nilizigusa.

Mpwa wangu nilimfundisha hivyohivyo, miaka sita. Alikuwa na mkono mzuri, hilo sikatai. Lakini alikuwa anachelewa, na mimi kuangalia mtu anachelewa kunaniwasha mwili. Nilikuwa namwacha aanze, namtazama pembeni ya jicho, halafu uvumilivu ukiisha nasema, "Lete hapa!" Nachukua chuma, namaliza. Sikuona ubaya. Mteja anasubiri, kazi inataka kwisha.

Siku moja alikuwa na redio kubwa ya mwalimu mmoja mstaafu. Siku tatu anautafuta ugonjwa wake, na ya tatu akaupata. Akawasha chuma. Mwenyewe akatokea mlangoni. Nikasema, "Lete hapa." Dakika kumi ikaimba. Yule mzee akanishika mkono, akasema, "Fundi, hakuna kama wewe." Nikasema asante.

Alipoondoka, mpwa wangu alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza.

"Mjomba, miaka sita sijamaliza kitu hata kimoja."

"Umemaliza vingi."

"Nitajie kimoja."

Nikakohoa. Wiki iliyofuata nikasikia ameajiriwa maabara, kazi ya kuosha chupa. Nikawaambia watu ameikimbia kazi ngumu. Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita. Tangu hapo tulionana misibani na harusini, tukaulizana hali, basi. Na watu nao wakaacha kutengeneza. Kitu kikilia kidogo kinatupwa, kinanunuliwa kingine. Chumba cha jirani ambacho zamani kilikuwa cha fundi saa, sasa yumo kijana anauza mifuko ya simu.

Ndipo mwaka huu nikaitwa kwenye mashindano ya roboti za shule. Mkaguzi mmoja alikuwa ameugua, na jaji mkuu, mwalimu wa fizikia niliyewahi kumtengenezea kinanda, akanikumbuka. Nilikwenda, ila moyoni nilijua nakwenda kuona uongo. Nilishayasikia. Roboti ni za watoto kwa jina, na baba zao ndio wanaozitengeneza.

Wakanipa fomu na kanuni. Kanuni ilikuwa na mistari mingi, lakini niliupenda mmoja: kazi ni ya mwanafunzi, mlezi ashauri kwa mdomo, asishike. Chini yake ikaandikwa kwamba mlezi atakayethibitika ameshika, timu yake inaondolewa na yeye haruhusiwi tena kulea klabu. Nikausoma mara mbili, nikaweka kalamu tayari.

Ukumbi ulikuwa wa shule, viti vimesukumwa ukutani, katikati uwanja wa mbao wenye mistari ya utepe mweusi na makopo ya maziwa ambayo roboti zilitakiwa kuyasukuma mpaka upande wa pili. Raundi tatu, timu mbili za juu zinakwenda fainali. Pembeni meza kumi na nne, kila meza timu yake. Nikazunguka. Meza ya pili nikamkuta mwanamume wa makamo amepiga magoti, ovaroli safi kama sare ya hospitali. Wanafunzi wake watano wamemzunguka. Mmoja kamshikia chupa ya maji.

"Nani kaiunga hii?" nikauliza.

Watoto wote wakamtazama yule wa ovaroli.

"Wao wenyewe, Mzee," akajibu yeye. "Mimi nafuta vumbi tu."

"Vumbi la wapi, chombo kipya namna hii?"

"Injinia hapendi vumbi," akasema yule wa chupa, na wenzake wakabana kicheko.

Nikaipindua roboti. Kazi safi, viungo vinang'aa, vimelingana kama meno ya kuchonga. Lakini havikuwa na mkono wa mtu. Vingeweza kuwa vya yeyote. Nilimshuku mpaka shingo ikanisisimka, ila ushahidi sikuwa nao. Nikatia sahihi.

Meza ya tisa mlezi alikuwa mpwa wangu. Amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi mbele. Amesimama hatua mbili kutoka mezani, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Leo ni mkaguzi, siyo mjomba."

"Basi shikamoo, Mkaguzi."

Wanafunzi wake wanne wakacheka. Roboti yao ilikuwa mbaya kwa sura. Mota ya mashine ya kunakilia karatasi, magurudumu ya kigari cha mtoto, mwili wa bati la trei. Nikaipindua, nikavaa miwani yangu ya karibu.

Waya umezungushwa mara moja kulia, umebanwa, umelala. Punje ya mtama. Na mwingine. Na mwingine. Viungo ishirini na kitu, vyote mkono wangu. Kimoja tu, cha waya mwekundu wa betri, hakikuzungushwa. Kilikuwa kiungo cha kawaida, kinene kidogo. Nikasema, hiki ndicho alichowaachia watoto.

Katika maisha yangu namna ile nilimfundisha mtu mmoja. Nilimtazama. Yeye akatazama chini. Nikaandika kwenye fomu: kazi ya mtu mzima. Nikamwita jaji.

Jaji alikuja, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni. Akasoma.

"Fundi, una uhakika? Hii inamtoa huyu mama kwenye klabu moja kwa moja."

"Mwandiko wangu mimi siujui?"

"Wako au wake?"

"Ni mmoja."

Jaji akamgeukia mpwa wangu. "Umeshika?"

Akawatazama wanafunzi wake. "Waulize wao," akasema. "Msiniulize mimi."

Jibu hilo nililiona la mtu mwenye hatia.

"Mimi ndiye nimeunga," ikasema sauti chini ya kiwiko changu. Msichana mdogo wa umbo, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya kichwa isianguke. Wenzake wanamwita Miwani, na mimi sitatafuta jina jingine.

"Zote?"

"Hizi zote za mota."

"Utaunga tena nikikata?"

"Kata."

Nikachukua koleo, nikaukata waya wa mota ya kushoto mbele ya watu wote. Jaji akatazama saa. "Raundi yenu ya kwanza ni baada ya dakika kumi na mbili."

Miwani akawasha chuma. Watu wakaanza kusogea, hata yule Injinia alisimama kwa vidole nyuma ya wengine. Msichana akauchuna waya, akauzungusha kulia, akaubana. Akaweka risasi haraka mno, kabla waya haujashika moto. Ikajikusanya juu kama tone la maji kwenye jani. Akavuta, ikabanduka.

Mwili ukaanza kuniwasha. Nilimzunguka mpwa wangu nimwone kwa nyuma. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'aniana, kucha zimezama kwenye ngozi mpaka pamekuwa peupe.

Msichana akaanza upya, polepole, na saa inakwenda. Wallahi sikujua mkono wangu umetoka lini. Nilijisikia tu nasema, "Lete hapa!"

"Usishike, Mzee!" Miwani akapiga kelele bila kuinua kichwa. "Utatutoa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikarudisha mkono kama niliyeguswa na umeme. Mpwa wangu peke yake hakucheka.

Mara hii msichana aliusubiri waya. Akaupasha, akaupasha, risasi ikakimbia yenyewe. Punje ya mtama. Akaiinua roboti nzima kwa waya ule mmoja, akaninyooshea usoni. Nilikuwa naangalia mkono wa fundi wangu aliyekufa, umekaa kwenye vidole vya mtoto ambaye hajawahi kunisalimia. Ilinipasa nilijue hilo mapema. Mkono wenyewe haukuwa wangu toka mwanzo. Nilipewa, nikampa mtu, naye akagawa.

Nikafuta niliyoyaandika, nikatia sahihi. Lakini filimbi ya raundi ya kwanza ilikuwa imeshalia na roboti yao haikuwa uwanjani. Sifuri. Nikamwambia jaji awape nafasi, kosa ni langu. Akasema kanuni haina mlango huo. Raundi mbili zilizobaki kile kitu kibaya cha bati kilisukuma makopo kama ng'ombe mwenye njaa. Wakawa wa tatu. Injinia na ovaroli yake wakaenda fainali. Nilimpitisha nisiyemjua, nikamkaba ninayemjua.

Jumamosi asubuhi nilipofungua duka nilimkuta mpwa wangu mlangoni na roboti ndani ya katoni. Miaka kumi na moja hakuwa amepakanyaga hapo. Aliangalia rafu, akaangalia meza, akagusa doa moja la moto kwa kidole.

"Hili nilichoma mimi."

"Na hilo la pembeni yake. Kaa."

Hakukaa. Aliipindua roboti juu ya meza, akaweka kidole kwenye kile kiungo cha waya mwekundu wa betri.

"Hiki ni changu."

Sikuelewa. Akarudia.

"Mjomba, hiki niliunga mimi. Jumanne kabla ya mashindano. Watoto walikuwa kwenye mtihani, mimi nafagia maabara, nikaona waya umelegea. Nikasema nikaze tu. Dakika mbili." Akakisugua kiungo kwa kidole. "Ilikuwa tamu. Niliunga, nikawasha, ikazunguka. Nilisimama pale na ufagio nacheka kama chizi."

Nilivaa miwani, nikakitazama tena kiungo kile. Kinene, hakikuzungushwa. Ndicho nilichokihesabu kuwa cha mtoto.

"Mbona hukukizungusha? Nilikufundisha nini?"

"Niliacha siku niliyotoka hapa. Wao nawafundisha kwa sababu ndiyo namna nzuri. Lakini mimi nikizungusha waya kulia nasikia mtu nyuma yangu anasema lete hapa."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, na yote yalikuwa ya uongo. Nikajitia kutafuta kitambaa.

"Sasa wewe ni mkaguzi," akasema. "Uandike. Nimeshika. Waninyang'anye klabu."

Hapo ndipo nilipopata shida. Nilichokiandika siku ile kilikuwa kweli, ila nilikiandika kwa kosa, nimeelekeza kidole kwenye viungo ishirini visivyo vyake na kukiruka kilicho chake. Nikimpeleka, maabara ile itabaki chumba cha kufungia viti vibovu, na Injinia ataendelea kufuta vumbi. Nisipompeleka, mimi ninayeshuku kila mtu nitakuwa nimejua na kunyamaza.

"Wao wanajua?" nikauliza.

"Hawajui. Nimewaambia waje saa nne."

"Basi waanze kujua wao. Kazi si yao? Na kesi iwe yao."

Saa nne wakaja wanne, wamebanana mlangoni kama wateja wa zamani. Miwani akawa mbele. Mpwa wangu akasimama wima, na safari hii mikono ilikuwa mbele, haijui pa kukaa.

"Kile kiungo cha betri," akasema, "nilikiunga mimi. Kanuni ilinikataza na nilijua. Sikuwaambia. Samahani."

Wakatazamana.

"Tulijua, Mwalimu," akasema Miwani.

"Mlijua nini?"

"Hakijazungushwa. Sisi tunazungusha kulia. Tulikiona Jumatano asubuhi."

"Mbona hamkusema?"

"Tulipiga kura," akasema mwingine, mvulana mrefu mwenye sauti inayopasuka. "Wawili tukikate, wawili tukiache. Ikawa sare, tukakiacha."

"Na tulikuwa tunasubiri useme mwenyewe," Miwani akamalizia.

Nilikumbuka alivyonijibu ukumbini: hizi zote za mota. Hakusema za betri. Mtoto yule hakudanganya hata neno moja, alinipitisha pembeni tu, mimi na miwani yangu na miaka yangu arobaini ya kusoma viungo.

Nikawaeleza kanuni, kwamba mlezi wao anaweza kuondolewa, na kwamba mimi nitapeleka kile watakachoamua. Wakaomba watoke nje. Niliwaona dirishani, vichwa vinne pamoja, mikono inarushwa. Mpwa wangu alijitahidi asiwaangalie. Akaanza kupanga bisibisi zangu kwa ukubwa, kama alivyokuwa akifanya mwaka wa kwanza.

Wakarudi.

"Tumeamua hivi," Miwani akasema. "Tutamwambia jaji ukweli, sisi, kwa barua yetu. Na tutamwambia hatutaki mlezi mwingine. Kabati la roboti tunalifunga, na ufunguo nakaa nao mimi. Mwalimu akifagia, anafagia. Na hiki tunakikata sasa hivi."

"Jaji akikataa?" nikauliza.

"Basi hatutashindana, tutatengeneza tu. Tuna mota nyingine."

Akanyoosha mkono kwa koleo. Nikampa. Akakata kiungo cha mpwa wangu, akakaa kwenye stuli yangu bila kuombwa, akawasha chuma changu. Waya mwekundu ulikuwa mnene, ulihitaji moto mrefu, na yeye akaanza kukosea palepale alipokosea ukumbini. Nikaingiza mikono yote miwili chini ya aproni, nikaibana hapo.

"Mbona risasi inakataa, Mzee?" akauliza. "Sema kwa mdomo."

"Unaipasha risasi. Pasha waya."

Akapasha waya. Ilichukua muda unaotosha mtu kuzeeka. Ikakimbia.

Jaji alijibu barua baada ya wiki mbili: mlezi asije kwenye mashindano ya mwaka ujao, akae shuleni, klabu iendelee. Ufunguo wa kabati umefungwa kwenye uzi wa miwani ya yule msichana, unamgonga shingoni akitembea. Siku za Alhamisi nafunga duka mapema, nakwenda. Wamenipa stuli karibu na mlango, mbali na meza, na wamenionya. Mpwa wangu anasimama upande wa pili, mikono nyuma. Namwangalia mikono ile, maana siiamini. Na kila nikiinua macho namkuta anaangalia mikono yangu.